Mimi Mlutheri, mchumba wangu Mkatoliki: kwa nini siwezi kukomunika kwao?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mlutheri wa KKKT, mchumba wangu ni Mkatoliki, na ndoa tutafunga parokiani kwao. Padre amesema siku hiyo sitapokea Komunyo. Mchungaji wangu naye anasema hata ningekaribishwa nisiende, maana Wakatoliki wanamtoa Yesu sadaka upya kila Misa na wamempa padre mamlaka ambayo Biblia haikumpa. Mchumba wangu anajibu kwamba sisi Waprotestanti tunaona ule ni mkate tu. Mbona mimi kwenye kipaimara nilifundishwa kuwa ni mwili na damu ya Bwana kweli? Tunabishania nini hasa? Na siku ya ndoa nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Mchumba wako amekosea kuhusu Walutheri. Mchungaji wako ameshika pingamizi la kweli, ila amelisema kwa maneno ambayo Mkatoliki aliyesoma katekisimu yake atayapangua mara moja. Kabla ya hayo, nianze na kile kinachokuzuia wewe binafsi, kwa sababu wengi hukitafuta kwenye mkate, na kumbe kiko kwa padre: nani amepewa mamlaka ya kusimama altareni na kutamka maneno ya Bwana, na amepewa na nani.

Soma kanuni ya 844 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 uone. Kifungu cha 3 kinaruhusu Waorthodoksi wapokee Komunyo, Kitubio na Mpako wa Wagonjwa kwa padre Mkatoliki, mradi waombe wenyewe na wawe na maandalizi yanayotakiwa. Kifungu cha 4 ndicho chako, na masharti yake ni mazito: kuwe na hatari ya kufa, au hitaji zito kwa hukumu ya askofu au ya baraza la maaskofu, usiweze kumfikia mhudumu wa kanisa lako, uombe kwa hiari yako, uidhihirishe imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hiyo, na uwe umejiandaa. Wewe na Mwothodoksi mnaweza kukiri kwa kinywa kimoja kwamba huu ni mwili wa Bwana, na bado mkatendewa tofauti, kwa kuwa Roma inakiri kwamba maaskofu wa Kiorthodoksi wamepokea Daraja Takatifu, yaani sakramenti ya kuwekwa shemasi, padre au askofu, kwa mfululizo kutoka kwa mitume, na wa kwenu haiwatambui hivyo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya umoja wa Wakristo, ya mwaka 1964, ibara ya 22, inalisema wazi: jumuiya zilizotokana na Matengenezo hazikulihifadhi fumbo la Ekaristi katika ukamilifu wake, hasa kwa sababu ya kasoro katika sakramenti ya Daraja.

Kwa hiyo mnaweza kukesha mkibishana juu ya "huu ndio mwili wangu," mkapatana kabisa, na asubuhi padre akawa na jibu lile lile.

Mkate na divai

Mafundisho ya Kikatoliki yaliwekwa rasmi katika Mtaguso wa Trento, kikao cha 13, tarehe 11 Oktoba 1551. Kwa maneno ya mageuzo, mkate wote unageuka kuwa mwili wa Kristo na divai yote kuwa damu yake. Kinachobaki ni maumbo tu, yaani rangi, ladha, harufu na uzito. Istilahi ya mageuzo hayo (kwa Kilatini transubstantiatio) ilikwishatumiwa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, na ndipo wahubiri wengine wanapodai kwamba fundisho lilibuniwa mwaka huo. Hoja hiyo iacheni. Karne ya tisa watawa wawili wa Corbie, Radbertus na Ratramnus, walikuwa tayari wanaandika kwa kutofautiana juu ya jambo hilo hilo, na mwaka 1059 Berengar wa Tours alilazimishwa kuapa kwa maneno makali kuliko yoyote ya Trento. Nyuma zaidi, mwanzoni mwa karne ya pili, Ignasi wa Antiokia aliwalaumu watu waliojitenga na Ekaristi kwa kutokiri kuwa ni mwili wa Mwokozi. Kilichopatikana 1215 ni istilahi. Imani ya uwepo wa Kristo ilitangulia, na ubishi juu ya namna ya uwepo huo nao ulitangulia.

Sasa Luther. Mwaka 1520 aliorodhesha vifungo vitatu ambavyo Roma iliifunga navyo sakramenti hii: kuwanyima walei kikombe, kulazimisha fundisho la mageuzo, na kuifanya Misa kuwa sadaka. Cha pili alikiona chepesi kuliko cha tatu. Hakukana kwamba Kristo yupo. Alikataa maelezo yaliyokopwa kwa falsafa ya Aristotle yasifanywe sharti la imani. Kwake mkate unabaki mkate na mwili upo kweli, kama chuma kilichotiwa motoni: moto na chuma viko pamoja, wala hakuna kimoja kilichotoweka. Katekisimo yake Ndogo ya 1529, ambayo bila shaka ndiyo uliyoisoma, inasema ni mwili na damu ya kweli ya Bwana wetu Yesu Kristo chini ya mkate na divai. Mwaka 1528 aliandika kwamba kuliko kunywa divai tupu pamoja na wale aliowaita washupavu, heri anywe damu tupu pamoja na papa. Mkumbushe mchumba wako hilo.

Aliyekuwa akilengwa ni Zwingli, mwanamatengenezo wa Zürich. Walikutana Marburg, Oktoba 1529, kwa mwaliko wa Philip wa Hesse aliyetaka umoja wa kisiasa. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Kilatini yenye maana ya "huu ndio mwili wangu," na kila alipobanwa aliyarudia. Zwingli alishika Yohana 6:63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu," akisema Kristo amepaa, ameketi kuume kwa Baba, hawezi kuwa pia juu ya meza elfu moja kwa mwili. Walikubaliana juu ya vifungu 14. Wakashindwana kwenye kiini cha cha 15, juu ya meza ya Bwana. Baadaye Calvin alitafuta njia ya kati: mwamini analishwa kweli kwa mwili wa Kristo, lakini kwa nguvu ya Roho Mtakatifu anayeuinua moyo kwa Kristo aliye mbinguni, na asiye na imani anaondoka na mkate tu. Mlutheri anasema hata asiye na imani anapokea mwili, ila anaupokea kwa hukumu yake. Mahubiri ya "ni ishara tu ya kumkumbuka," unayoyasikia kwenye makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Kibaptisti, yako upande wa Zwingli, na mara nyingi yanasema pungufu hata ya aliyosema Zwingli mwenyewe.

Hivyo Mkatoliki anayeanza na Yohana 6 ili kumshinda "Mprotestanti" inabidi aulize kwanza anaongea na nani. Na Mprotestanti anayedai Maandiko yako wazi kiasi cha kutohitaji mwamuzi, Marburg ni swali lake gumu: watu wawili wanaokiri mamlaka ya Maandiko peke yake, meza moja, aya moja, na hawakuafikiana.

Pingamizi la Kilutheri lenye uzito hapa liko kwenye kile kinachofanyika baada ya ibada. Mkatoliki huhifadhi hostia (mkate uliogeuzwa) katika tabernakulo, kisanduku chake kanisani, hupiga goti, huabudu Ekaristi katika monstransi, chombo cha kuionyeshea, hufanya maandamano siku ya Mwili na Damu ya Kristo, sikukuu iliyotangazwa kwa Kanisa lote na Papa Urban IV mwaka 1264. Kama mageuzo yamefanyika, haya yote yanafuata kwa mantiki. Kutoyafanya ndiko kungekuwa ajabu. Walutheri hujibu kwamba Bwana alisema twaeni, mle, nyweni, na nje ya tendo hilo alilolianzisha hakuna sakramenti. Ibara 39 za Kianglikana, katika ile ya 28, zinasema kwa agizo la Kristo sakramenti haikuhifadhiwa, haikubebwa huku na huko, haikuinuliwa wala kuabudiwa. Wanaongeza kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 11:26-28, anaendelea kuuita mkate hata pale anapomzungumzia yule anayeula. Mkatoliki naye husoma aya ya 27 na ya 29, juu ya kujipatia hatia ya mwili wa Bwana na kutoupambanua ule mwili, na kuuliza mtu anapataje hatia hiyo kwa mkate.

"Wanamtoa sadaka upya"

Neno linaloharibu hoja ya mchungaji wako ni "upya." Trento, kikao cha 22, tarehe 17 Septemba 1562, walifundisha kwamba katika Misa anayetolewa ni yule yule, anayetoa ni yule yule kwa huduma ya mapadre, na kinachotofautiana ni namna ya kutoa: msalabani kwa damu, altareni bila damu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1366 na 1367, inarudia: sadaka ya msalaba inawekwa mbele yetu, hairudiwi. Ukimwambia Mkatoliki "mnamsulubisha tena" atakuonyesha namba hizo na mjadala umekwisha, nawe umeshindwa kwa jambo ambalo hata Luther hakulitegemea.

Hoja ya Luther ilihusu mwelekeo. Meza ya Bwana, alisema, ni wosia: Kristo anayekaribia kufa anawaachia warithi wake ondoleo la dhambi, kisha anatia muhuri kwa mwili na damu yake. Mrithi hupokea, hampi marehemu kitu. Ukiigeuza Misa kuwa kitu ambacho sisi, kwa mikono ya padre, tunamtolea Baba ili kuwapatia wengine rehema, umegeuza zawadi kuwa malipo. Hapo ndipo Waebrania 10:14 inapoingia kwa nguvu: "Maana kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa." Swali la Mprotestanti basi liulizwe hivi: kama toleo moja limekamilisha, padre anaongeza nini anapotoa kwa ajili ya marehemu fulani? Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, swali la 80, iliiita Misa ibada ya sanamu iliyolaaniwa. Ibara ya 31 ya Waanglikana iliziita sadaka za Misa hekaya za kukufuru. Ni lugha ya vita, ya watu waliokuwa wakichomwa moto na kuchoma wengine.

Trento haikulegeza. Kanuni ya 3 ya kikao hicho inamlaani anayesema Misa ni sifa na shukrani tu, au kumbukumbu tupu ya msalaba, wala si sadaka ya upatanisho, na kwamba haipaswi kutolewa kwa walio hai na waliokufa. Mkatoliki hutetea hili kwa Malaki 1:11, juu ya sadaka safi itakayotolewa kila mahali kati ya mataifa, na kwa maandiko ya kale ya Wakristo, kama Didake sura ya 14, yanayoita mkutano wa Jumapili sadaka. Na anakana kwamba padre anaongeza kitu: anasema matunda ya toleo lile moja yanagawiwa, kama yanavyogawiwa katika ubatizo, ambao nao haumsulubishi Kristo mara ya pili. Jibu hilo ni zuri, nami nadhani Waprotestanti wengi hawajalipa uzito wake. Lakini haliondoi tofauti ya mwelekeo. Hata mazungumzo ya baadaye, kama tamko la Windsor la 1971 kati ya Wakatoliki na Waanglikana, au hati ya Lima ya 1982 ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, yalisogea kwa kuegemea wazo la ukumbusho wa Kibiblia, ule unaoleta tendo la Mungu mbele ya watu wake leo. Suala la kuwatolea marehemu Misa lilibaki pale pale.

Utakutana nalo mapema, mkwe wako akifariki na familia ikapeleka nia ya Misa pamoja na sadaka yake. Ujue kanuni: fedha ile si bei ya Misa. Kanuni ya 947 inakataza hata sura ya biashara, ya 948 inataka kila sadaka iliyopokelewa iwe na Misa yake, na ya 951 inamruhusu padre anayeadhimisha Misa zaidi ya moja kwa siku kubaki na sadaka ya moja tu, isipokuwa Noeli. Mashambulizi ya karne ya 16 yaligusa uovu uliokuwepo kweli, wa mapadre walioajiriwa kusoma Misa kwa mfululizo wakilipwa, na kanuni hizi zinaziba mwanya huo. Fundisho lenyewe halikubadilika.

Kuhusu kikombe nitasema machache, maana ubishi wake umepoa. Mtaguso wa Konstanz ulikataza walei kikombe mwaka 1415, mwaka ule ule uliomchoma Jan Hus, ingawa Mathayo 26:27 inasema "nyweni nyote katika hiki." Hoja ya Kikatoliki ni kwamba Kristo mzima yupo katika kila umbo, hivyo anayepokea hostia peke yake hajapungukiwa kitu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua tena mlango wa maumbo yote mawili, na kanuni ya 925 inaruhusu. Parokia nyingi bado hutoa hostia tu, na sababu kubwa ni wingi wa watu na hofu ya kumwaga.

Mamlaka ya padre

Mamlaka yanayobishaniwa ni matatu: kugeuza, kuondoa dhambi na kufundisha. Mkiyachanganya hamtafika popote.

La kwanza. Kanuni ya 900 inasema mhudumu anayeweza kuadhimisha Ekaristi ni padre aliyepewa Daraja kihalali, basi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, namba 10, unakubali ukuhani wa waamini wote, kisha unasema ukuhani wa daraja unatofautiana nao kwa asili, si kwa kiwango tu. Hilo ndilo Mprotestanti halimezi. Kwake 1 Petro 2:9, "ukuhani wa kifalme," imeenea kwa wabatizwa wote, Agano Jipya halimwiti mzee wala askofu yeyote wa kanisa kuhani, na Waebrania inasema kuhani wetu ni mmoja. Katika Matendo 20, wale wale walioitwa wazee kwenye mstari wa 17 wanaitwa waangalizi kwenye mstari wa 28, jambo linalotikisa wazo la ngazi tatu, shemasi, padre na askofu, zilizotengana tangu mwanzo. Mkatoliki atamrudia Ignasi yule yule wa Antiokia: Ekaristi halali ni ile iliyo chini ya askofu au aliyemruhusu. Ni ushahidi wa mapema sana, na Mprotestanti akiupuuza anajidhoofisha.

Hapa Walutheri wengi husema zaidi ya walivyofundishwa. Ukuhani wa waamini wote haumaanishi kila mmoja aweza kusimama na kubariki kikombe. Ungamo la Augsburg la 1530, ungamo la imani la Walutheri, ibara ya 14, linakataza mtu kufundisha hadharani au kutoa sakramenti asipoitwa kwa utaratibu. Luther alisema wote ni wa hali ya kikuhani, lakini si wote wana ofisi. Tofauti na Roma ni hii: kwa Mlutheri kuwekewa mikono humpa mtu kazi, kwa Mkatoliki humtia alama isiyofutika rohoni. Padre aliyevuliwa utumishi, akitamka maneno juu ya mkate na divai, anafanya kosa, lakini Ekaristi ni halali. Mchungaji aliyevuliwa ofisi kwenu amerudi kuwa mwamini wa kawaida.

Ile hoja ya mitaani, "padre mwenyewe ana dhambi, atanipaje mwili wa Bwana?" haina nafasi hata kwenu. Augustino aliimaliza alipobishana na Wadonato, waliodai sakramenti za mhudumu mwovu ni batili, na ibara ya 8 ya Ungamo la Augsburg inasema sakramenti zinafanya kazi hata zikitolewa na watu waovu. Useja nao uweke pembeni: ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, na Makanisa Katoliki ya Mashariki yana mapadre wenye wake.

La pili, ondoleo la dhambi. Yohana 20:23 inasomwa na pande zote, "wo wote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa." Trento, kikao cha 14 mwaka 1551, walitaka dhambi za mauti zitajwe moja moja, kwa aina na idadi, na wakamweka padre kama hakimu. Walutheri hawakufuta maungamo ya faragha; ibara ya 11 ya Ungamo la Augsburg inayahifadhi, ila inasema kuorodhesha dhambi zote si lazima, wala haiwezekani. Kwao mchungaji anatangaza neno la Kristo la msamaha. Kiti cha hakimu hana. Makanisa ya kiroho yanayosema "muungamie Mungu peke yake" yamekwenda mbali kuliko Luther.

La tatu ni kubwa kuliko yote, na mara nyingi ndilo linaloendesha mengine: nani anasema neno la mwisho juu ya maana ya Maandiko. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, tarehe 18 Julai 1870, ulitangaza kwamba papa anapotamka rasmi, akiwa mchungaji wa Wakristo wote, fundisho la imani au maadili la kushikwa na Kanisa zima, hakosei. Tangu hapo mfano usio na ubishi ni wa Pius XII, 1 Novemba 1950, kuhusu Maria kupalizwa mbinguni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema Mamlaka Fundishi, yaani papa na maaskofu katika kazi yao ya kufundisha, haiko juu ya neno la Mungu bali inalitumikia. Mprotestanti huuliza: mtumishi akikosea, nani amrekebishe, ikiwa tafsiri ya neno iko mikononi mwake? Paulo alimpinga Petro uso kwa uso, Wagalatia 2:11. Mkatoliki hujibu kwamba Petro alikosea kwa mwenendo, hakutangaza fundisho. Halafu anakurudisha Marburg.

Kikuyu, 1913

Ukitaka kuona kwamba kiini ni daraja kuliko mkate, huna haja ya kwenda Ujerumani. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana kwenye misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, Kenya, kupanga shirikisho. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu kwa kitabu cha sala cha Kianglikana, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzao lakini wa mrengo wa Kikatoliki, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi na mfarakano. Malumbano yakatikisa Uingereza yenyewe, na jibu la Davidson, lililotoka 1915, halikuridhisha upande wowote kikamilifu.

Kilichomchoma Weston ni kuona mezani watu ambao makanisa yao hayana maaskofu, na kupendekezwa kwamba wachungaji wao washirikiane na wa Kianglikana kana kwamba kuwekewa mikono na askofu ni hiari. Na kejeli ya historia ni kwamba mwaka 1896 Papa Leo XIII alikwishatangaza daraja za Kianglikana kuwa batili kabisa, zikiwemo za Weston. Aliyekuwa akilinda mfululizo wa kitume, machoni pa Roma hakuwa nao.

Siku ya ndoa

Kwanza, muulizeni padre kama ndoa itafungwa ndani ya Misa au nje yake. Utaratibu wa kawaida kwa Mkatoliki na Mkristo mbatizwa wa kanisa lingine ni ibada ya Neno bila Misa, kwa sababu hii hasa: bwana na bibi harusi wasigawanyike altareni dakika chache baada ya kuunganishwa. Ndani ya Misa inawezekana kwa idhini ya askofu, na bado wewe hutapokea. Ushauri wangu ni bila Misa. Familia nyingi huona kama ndoa imepunguzwa hadhi. Haijapungua chochote, na ni sakramenti kamili kwa kuwa wote mmebatizwa.

Mkiamua Misa, wakati wa Komunyo baki umeketi, au kama desturi ya parokia inaruhusu, nenda mbele umekunja mikono kifuani upate baraka. Ulizeni siku ya mazoezi, maana si kila padre anafanya hivyo. Usipokee kimya kimya kwa kuwa mhudumu hakufahamu. Anayepokea huambiwa "Mwili wa Kristo" naye hujibu "Amina," na muda mfupi kabla ya hapo sala ya Ekaristi imemtaja papa na askofu wa jimbo kwa majina. Amina ile inabeba yote mawili, mwili na mamlaka, na wewe la pili huliamini.

Mchumba wako naye, kwa kifungu cha 2 cha kanuni ile ile ya 844, hawezi kupokea kwenu, hata kama usharika wako unakaribisha kila mbatizwa. Msione ni dharau; mwambie mchungaji mapema asimwite mbele ya watu.

Mtasikia watu wakimtaja Papa Fransisko. Tarehe 15 Novemba 2015, katika kanisa la Kilutheri la Roma, mwanamke Mlutheri aliyeolewa na Mkatoliki alimwuliza swali lako hili. Hakutoa ruhusa, alimwambia azungumze na Bwana kisha asonge mbele, akaongeza kwamba yeye hathubutu kusema zaidi. Mwaka 2018 maaskofu wengi wa Ujerumani walitaka kufungua mlango kwa wanandoa wa namna yenu, saba wakaandika Roma kupinga, na maandishi yakaishia kuwa mwongozo wa kutafakari tu. Jibu la padre wako ndilo linalosimama kwenu.

Kuhusu makaratasi: leta cheti cha ubatizo, hutabatizwa tena. Kanuni ya 1124 inadai idhini ya askofu kwa ndoa ya mseto. Kwa kanuni ya 1125, anayeahidi kudumu katika imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki ni mchumba wako. Wewe unaarifiwa juu ya ahadi hiyo, hutakiwi kuiapa. Ukiletewa fomu inayotaka sahihi yako, soma kama unathibitisha kuarifiwa au unaahidi. Zungumzieni suala la watoto sasa, kabla matangazo ya ndoa hayajaanza, maana ndilo linalovunja amani nyumbani kuliko Komunyo.

Na kama wazazi wako watasisitiza ndoa ifungwe KKKT, inawezekana: askofu Mkatoliki anaweza kumwondolea mchumba wako sharti la utaratibu wa Kikatoliki, kanuni ya 1127, kifungu cha 2. Kisichowezekana ni kufunga mara mbili, asubuhi kwenu na mchana kwao. Kifungu cha 3 kinakataza. Barua ya kumwondolea sharti hilo iombwe mapema na ijibiwe kabla kamati ya harusi haijachapisha kadi.